Sanduku la posta, laini ya simu na Mastodon: nani aliyetuchanganya?

Leo nitakuwa mrefu kidogo, kwa hiyo mimina chai kwanza.

Kuna hoja inayozunguka sana miongoni mwetu waandishi wa programu, kwamba mitandao ya kijamii iliyogatuliwa (Mastodon na ndugu zake) imekosa kushika kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kuelewa habari ya seva nyingi. Amezoea kampuni moja, tovuti moja, mlango mmoja. Ukimwambia kuna maelfu ya seva, kila moja ina mwenyewe na zote zinaongea, kichwa kinamzunguka. Nimeisikia hoja hii chuoni na nimeisikia kazini, na kila nikiisikia natazama huku kwetu Makongeni na kujiuliza ni mtu gani huyo anayesemwa. Maana watu wa Thika walitumia mifumo iliyogatuliwa kabla mimi sijazaliwa, na hawakuhitaji semina.

(Neno lenyewe "kugatua" halitupi shida sisi Wakenya. Tangu 2013 tuna kaunti 47, na kila mtu anajua barabara ipi amlaumu gavana na ipi ailaumu serikali kuu. Au angalau anajua jinsi wanavyosukumiana.)

Kwa nini nijisumbue na jambo hili? Kwa sababu mlango ukiwa mmoja, kufuli nayo ni moja. Januari 2021 Uganda ilifunga Facebook siku chache kabla ya uchaguzi. Tanzania iliibana Twitter wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na Mei 2025 ikaifunga tena, wakati huo ikiitwa X. Hapa kwetu, tarehe 25 Juni 2024, vijana walipofika hadi Bunge, intaneti iliyumba nchi nzima. Kusema kweli, intaneti yote ikizimwa hata seva elfu kumi hazikusaidii. Lakini kufunga jina moja ni kazi ya dakika tano, na kufunga maelfu ya majina ni kazi ya kutoa jasho. Kwa hiyo tukisema mitandao hii haitafaa kwa sababu mwananchi haielewi, tunatupa kitu cha maana kwa kumsingizia mtu ambaye hakuulizwa.

Tuanze na posta. Anwani ya mwanafunzi huku iliandikwa hivi: jina lako, jina la shule, S.L.P. namba fulani, 01000 Thika. Itazame kwa jicho la mwandishi wa programu. Ni jina, halafu mwenyeji, halafu mahali. Anwani ya Mastodon ni jina, alama ya @, halafu seva. Na wengi hawakuwa na sanduku lao wenyewe. Barua ilipitia sanduku la kanisa, la shule, la kiwanda, au la mwajiri wa mjomba. Mtu aliishi kwenye seva ya mwingine, akijua vizuri kwamba mjomba akihama kazi, sanduku linabaki na itabidi awaandikie watu wote anwani mpya.

Nyuma ya pazia posta ni shirikisho la ajabu. Umoja wa Posta Duniani ulianzia Bern, Uswisi, mwaka 1874, ili stempu iliyolipiwa nchi moja iheshimiwe na nchi nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa 1977, shirika la posta na simu lililohudumia nchi zote tatu likavunjika nayo, kila nchi ikabaki na lake. Lakini bibi wa Thika mwenye binti aliyeolewa Kampala hakulazimika kujifunza itifaki mpya. Alilamba stempu.

Shika jambo moja hapo, nitalirudia: bibi huyo hakuchagua mwenyeji. Alipewa. Shule ilikuwa na sanduku, basi hilo ndilo sanduku.

Kompyuta zilipokuja, zilikuja zimegatuliwa pia. FidoNet, aliyoianzisha Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984, ilikuwa kompyuta za watu binafsi zikipigiana simu na kupeana mafurushi ya ujumbe, halafu kila moja ikasambaza kwa jirani zake. Dunia iligawanywa kanda, na Afrika ikawa ukanda wa 5. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI lililokuwa Nairobi liliendesha kituo cha FidoNet kwa ajili ya mashirika yasiyo ya serikali, na ujumbe ukavushwa hadi GreenNet kule London na kutoka hapo kwenda kwingineko. Ukiniuliza mimi, hii ni babu yake Mastodon kabisa. Seva ndogo, mwenyewe anajulikana kwa sura, na ukikwama unampigia simu.

Halafu ikaja barua pepe ya biashara. Africa Online ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Baadaye ilifungua vituo vilivyoitwa E-Touch, ambako mtu asiye na kompyuta aliweza kupata anwani ya barua pepe. Watoa huduma wengine wakafuata, kila mmoja na seva yake. Na hapa pana kisa ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta Kenya angepaswa kufundishwa. Miaka hiyo, mteja wa kampuni moja ya Nairobi akimwandikia mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi, labda mtaa wa pili tu, barua ilipanda setilaiti ikaenda ng'ambo, ikageuka, ikarudi. Watoa huduma wakaungana chini ya chama chao, TESPOK, wakajenga kituo cha kubadilishana data, KIXP, kikawashwa Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha data kwenda nje, ikalalamika. Tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kizimwe, na kikazimwa kikiwa na umri wa wiki mbili hivi. Kikarudi Februari 2002.

Sasa jiulize mtumiaji aliona nini katika vita hiyo yote. Labda aliona kurasa zikifunguka upesi, kisha polepole, kisha upesi tena. Hakuna aliyemwomba achague upande. Mafundi na wanasheria walishona, wakafumua, wakashona tena, na anwani yake haikubadilika hata herufi moja.

Mimi nilikuta enzi za saiba. Shilingi moja kwa dakika, kibodi isiyo na herufi hata moja inayosomeka, na kijana wa kaunta ambaye ndiye aliyekuwa intaneti yenyewe. Ulimwambia unataka imeli. Hakukuuliza unapenda mtoa huduma gani. Alifungua Yahoo, akakujazia fomu, akakuandikia jina na nenosiri kwenye kikaratasi, akakwambia usikipoteze. Rafiki yako alifunguliwa Hotmail saiba nyingine kwa sababu kijana wa kule alipenda Hotmail. Mkaandikiana bila neno. Watu wengi walifunguliwa hivyo akaunti yao ya kwanza, na sidhani kuna aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba barua pepe ina seva nyingi mno.

Simu ndiyo inayonimalizia hoja. Safaricom na KenCell walianza kushindana 2000, na ndani ya muda mfupi kila mtu alijua kwamba 0722 ni hawa na 0733 ni wale. Bei ya kupiga ndani ya mtandao mmoja na bei ya kuvuka ilikuwa tofauti, na watu wakaijua kwa kichwa kama bei ya unga. "Uko laini gani?" likawa swali la kawaida. Simu za laini mbili zilipofika zilinunuliwa kama mandazi ya asubuhi, maana mtu alitaka kuwa na makazi kote kuwili. Hawa ndio tunaosema hawawezi kuelewa kwamba kuna seva mbili?

Na pesa je? M-Pesa ilianza Machi 2007 ikiwa mji wenye ukuta. Ukimtumia mtu asiyesajiliwa, alipata SMS yenye namba ya siri, akaenda nayo kwa wakala kuchukua noti. Hiyo ilikuwa njia ya kumfikia mtu wa mtandao mwingine, na watu waliitumia japo ada yake ilikuwa juu. Tanzania walitutangulia: Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana kuunganisha pochi zao 2014, na Vodacom, mkubwa wao, akaingia 2016. Sisi tulingoja hadi Aprili 2018 ndipo M-Pesa na Airtel Money zikapokeana pesa moja kwa moja, na haikuwa kwa hiari tupu, maana serikali na wadhibiti walisukuma.

Kuna kisa kingine cha simu ambacho wapenzi wa Mastodon wangefaa kukitafakari. Aprili 2011 Kenya iliruhusu mtu kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Kwenye karatasi ni uhuru mtupu. Waliohama walikuwa wachache sana. Namba ilihama lakini pochi ya M-Pesa ilibaki nyuma, na kwa Mkenya pochi ndiyo maisha. Mastodon leo ina kasoro ya ukoo huohuo: ukihama seva, wafuasi wako wanaweza kuhamishiwa makazi mapya, lakini ulichoandika miaka yote kinabaki kule ulikotoka. Seva ikifungwa, kimekwenda. Wakazi wa mastodon.technology waliyaona hayo mwenye seva alipotangaza mwishoni mwa 2022 kwamba anaifunga.

Haya, tufike kwenye Mastodon yenyewe. Mjerumani Eugen Rochko aliitoa 2016. Januari 2018 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaidhinisha itifaki ya ActivityPub, lugha ambayo seva hizi huongea. Oktoba 2022 Elon Musk akainunua Twitter, na Novemba akafukuza karibu wafanyakazi wote wa ofisi yake ya Afrika kule Accra, ofisi iliyokuwa imefungua milango siku chache tu. Wakenya wa Twitter wengine walichungulia Mastodon wiki hizo. Duniani waliokuwa wakiitumia kila mwezi walipita milioni 2. Halafu wengi wakarudi walikotoka, na hapo ndipo hoja ya "watu hawaelewi" ilipopata nguvu.

Baadaye nilimwonyesha mama mmoja wa hapa Makongeni mwenye duka la pesa za simu. Ni wakala wa mitandao yote, kichwa chake kina ada ambazo mimi sina. Tulifika ukurasa wa kuchagua seva, orodha ndefu, kila moja na picha yake na masharti yake.

"Hizi zote ni za nani, kijana wangu?"

"Ni za watu tofauti tofauti, mama. Hii ya Mjerumani, hii ya chuo, hii sijui."

"Na huyu akifunga duka?"

"Unahamia kwingine."

"Na vitu vyangu?"

Nikamweleza habari ya machapisho kubaki nyuma. Akanirudishia simu, akamhudumia mteja.

Sasa mtaalamu wa chuo angeandika kwenye ripoti kwamba mtumiaji alichanganyikiwa. Mimi niliyekuwepo nasema alielewa kwa dakika mbili kuliko wanafunzi wengi wa mwaka wa pili. Aliuliza maswali matatu ambayo mtu yeyote huuliza kabla ya kuweka mali yake mahali, na majibu yalikuwa mabaya. Alichokosa ni mwenyeji. Posta walimpa shule, imeli alipewa na kijana wa saiba, laini aliuziwa kioskini na mtu ambaye kesho atamkuta palepale. Mastodon ilimwambia achague pa kuishi kabla hajamjua jirani hata mmoja, na bila mtu wa kumlaumu.

Yapo mambo yanayochanganya kweli, nisiyafiche, lakini ni ya ushonaji wetu sisi mafundi. Ukimpigia mtu wa Airtel kutoka Safaricom, simu yako haigeuki kuwa nyekundu wala haikuulizi wewe ni nani. Kwenye Mastodon, ukibonyeza kiungo alichokutumia rafiki, unajikuta kwenye seva yake, na pale hujulikani. Unataka kujibu, inakuambia uingie kwanza. Lakini nimeshaingia! Ndiyo, kwako. Hapa si kwako. Halafu seva yako huwa na machapisho ya wale tu ambao kuna mkazi wake anayewafuata, pamoja na machache yanayopenya, kwa hiyo unamtafuta mtu mashuhuri unakuta ukurasa wake kama umehamwa. Majibu mengine huyaoni, na hesabu ya waliopenda chapisho hailingani na anayoiona rafiki yako. Kila moja ya kasoro hizi ina sababu nzuri ya kiufundi, naijua na naweza kukuchorea ubaoni. Mtumiaji haimhusu. KIXP nayo ilikuwa na sababu zake za kiufundi na hakuna aliyemchorea bibi.

Kuna jambo lingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawalioni, nalo ni vifurushi. Huku mtu hanunui "intaneti", ananunua kifurushi. Novemba 2014 mpango wa Facebook wa Internet.org uliingia Kenya kupitia Airtel, ukakupa Facebook bila salio la data. Vifurushi vya WhatsApp peke yake vikawa kitu cha kawaida. Kifurushi cha namna hiyo kinahitaji kampuni moja yenye jina moja, ili mtandao wa simu ujue usikutoze kwa anwani zipi. Seva elfu kumi za watu elfu kumi utaziandikaje kwenye tangazo? Kwa hiyo kabla mtu hajafika hata kwenye swali la kuchagua, mfuko wake umeshamchagulia.

Na tusisahau upande wa pili, wa mwenye seva. Tukitaka mwenyeji wa karibu, mtu wa hapahapa Thika mwenye seva ya Thika, tujue tunamwomba nini. David Kobia alikuwa na Mashada, baraza kubwa la Wakenya mtandaoni. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoingia humo kwa matusi ya kikabila, Januari 2008 alilifunga. Mtu mmoja hawezi kuwa hakimu wa nchi inayowaka. Tanzania nako, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu au jukwaa awe na leseni, na ada zake zikapita shilingi milioni 2 za kule. Juni mwaka huo JamiiForums ilizimwa kwa muda na wenyewe. Hiyo ilikuwa na ofisi na mawakili. Kijana mwenye seva ya kukodi ya dola tano kwa mwezi angefanyaje? Ndiyo maana seva nyingi ziko Ujerumani na Marekani, na ndiyo maana mama wa duka aliona orodha ya wageni.

Watu wa Mastodon walisikia kilio, lazima niseme hivyo. Mei 2023 walibadilisha programu yao ya simu: anayejisajili anapelekwa moja kwa moja mastodon.social, seva wanayoiendesha wenyewe, na anayetaka kuchagua nyingine anachagua. Yaani walimweka kijana wa saiba pale mlangoni. Wakongwe walipiga kelele sana kwamba hiyo ni kurudisha mlango mmoja. Hawakukosea kabisa. Bluesky, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2024, imeficha habari ya seva kiasi kwamba wengi wa waliomo hawajui kama ina itifaki ya wazi, na karibu wote wanaishi kwenye mashine za kampuni yenyewe. Imeli yetu iliishia hivyohivyo, siku hizi ni Gmail tupu. Lakini mwenye Gmail bado anaweza kumwandikia mtu wa seva ya chuo, na mwenye seva ya chuo hana haja ya kumwomba Google ruhusa. (Soga ya Google nayo ilikuwa wazi kwa seva nyingine tangu 2006, hadi 2013 walipoanza kuhamia Hangouts na kufunga mlango. Watumiaji wengi hawakujua hata kwamba mlango ulikuwepo.)

Mimi kati ya mapungufu hayo mawili nalichagua hilo la mastodon.social. Mpe mtu pa kuanzia, na mlango wa kutoka ubaki wazi na utoe mizigo yote, machapisho na kila kitu. Sehemu ya mizigo ndiyo haijakamilika, na ndiyo ningependa kuona waandishi wa programu wakiishughulikia badala ya kuandika mwongozo wa kumi na moja wa kueleza seva ni nini.

Sehemu iliyobaki haiko mikononi mwa waandishi wa programu. Machi 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya ilianza kuibana Meta, kwamba WhatsApp lazima ipokee ujumbe kutoka programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Inawahusu watumiaji wa Ulaya tu, na laini ya Makongeni haimo. Pesa za simu hapa Kenya hazikungoja sheria ya Ulaya ili ziweze kuvuka kutoka M-Pesa kwenda Airtel. Zilingoja miaka 11 na wadhibiti wenye nia.